Dereva wa Kambi ya Nguruwe Mwitu

Mara ya kwanza walipokwenda pamoja kwenye tamasha la muziki wa roki nzito, Wiebke alikuwa na miaka ishirini na sita, na gari lilikuwa la baba yake Henning. Walijibana vijana sita humo ndani, kreti za bia zimewajaa miguuni. Kabla hawajatoka kijijini Henning aligeuka akauliza, "Sasa nani ataendesha tukirudi?" Kila mtu akatazama dirishani. Wiebke akacheka, akasema yeye bia haimpendezi sana, chungu. Neno hilo moja likamfunga kwa miaka ishirini na minne.

Mimi nilimjua baadaye, kwenye kiwanda cha jibini nje kidogo ya mji wetu. Tulisimama bega kwa bega mbele ya mkanda, yeye akikagua vipande, mimi nikivipanga kwenye maboksi. Ni mwanamke mrefu, si msemaji, nywele amezikata fupi, na shingoni ana tatuu ya kunguru. Meneja alimwambia aifunike. Akaifunika kwa skafu siku moja, kesho yake akaja bila skafu, na habari hiyo ikaishia hapo. Mashine zikinguruma hamwezi kuzungumza mengi, lakini nimefanya naye kazi miaka mingi. Haya ninayoyasema mengi aliniambia mwenyewe, machache niliyaona.

Muziki ule aliupenda tangu utotoni. Kaka yake mkubwa alipoajiriwa melini aliacha nyumbani sanduku la kanda, magitaa yanayokwaruza na waimbaji wanaonguruma kama wamekabwa, na Wiebke akawa anazipiga zizini wakati wa kukamua. Baba yake alisema ng'ombe watakauka maziwa. Hawakukauka. Aliniambia kwamba ndani ya ile kelele alikuwa anapata utulivu ambao hakuupata kanisani wala shuleni, na mimi sikumwelewa hadi aliponipa kisikilizi kimoja cha simu yake nikitie sikioni wakati wa chai. Sikuupenda. Lakini nilimwona uso wake akisikiliza, nikanyamaza.

Henning, ambaye baadaye alimwoa, alikuwa fundi wa mapaa. Mwanamume wa kifua, sauti kama tarumbeta. Akiingia mahali, mahali panachangamka. Ndiye aliyechora nguruwe mwitu kwenye shuka la kitanda, akalifunga kwenye mti mrefu wakalisimamisha katikati ya mahema, na tangu siku hiyo kundi lao likaitwa Kambi ya Nguruwe Mwitu. Kila kiangazi walizunguka matamasha matatu au manne, kuanzia Juni mpaka mwisho wa Agosti. Leo kusini, wiki mbili baadaye ng'ambo kwa Wacheki, halafu juu kaskazini karibu na bahari. Watu waliijua kambi hiyo. Wageni walipita kupiga picha na lile shuka.

Watu walisema ni kambi ya Henning. Ukweli ni kwamba Henning alileta shuka. Hema kubwa la kivuli, majiko ya gesi, sufuria, viti, dawa za kuhara, mifuko ya taka, tiketi za kila mtu zilizonunuliwa mwaka mzima kabla, zisije zikaisha, vyote vililetwa na Wiebke. Wenzake walipokuwa mbele ya jukwaa wakirusha nywele, yeye alikuwa anamenya viazi vya saladi. Au amempeleka mtu kushonwa mguu uliokatwa na chupa. Au amekwenda mjini kutafuta barafu. Usiku wa mwisho aliwapakia mmoja mmoja garini kama magunia, akawafikisha makwao. Bendi alizozipenda alizisikia kutoka nyuma kabisa, funguo za gari mfukoni, kwa sababu huwezi kujua nani atakuhitaji saa ngapi.

"Hukuchoka?" nilimwuliza.

"Nilichoka. Lakini nilidhani ndiyo zamu yangu, na kwamba zamu zinabadilika."

Miaka miwili kabla ya kiangazi ninachokisimulia, dhoruba iliangusha mahema nusu ya uwanja. Wiebke alimkuta mwanamke mmoja amejikunja chini ya turubai, amelowa, anatetemeka, hema lake limepeperushwa hadi barabarani. Jina lake Mareike, miaka thelathini na kitu, muuza miwani kutoka mji wa jirani, na wenzake aliokuja nao walikuwa wamekwisha kurudi nyumbani bila kumwambia. Wiebke alimkokota hadi kambini. Akampa soksi kavu, supu ya dengu, na nafasi ya kulala kati yake na Henning, maana hapo ndipo palipokuwa na joto. Mwaka uliofuata Mareike alikuja kama mmoja wao.

Mwaka wa tatu, mwezi wa pili, theluji bado iko bustanini, Henning aliweka kikombe chake chini wakati wa kifungua kinywa.

"Wiebke, mimi na Mareike tuna jambo la kukwambia."

"Kama ni tiketi, nimeshaagiza zote."

"Si tiketi."

Wiebke aliniambia kwamba aliendelea kupaka siagi mkate. Aliupaka mpaka pembeni kabisa, vizuri, asiache hata sehemu moja kavu, na hapo ndipo alipoelewa maneno aliyoambiwa. Henning alihama mwisho wa wiki hiyo. Alichukua zana zake, nguo, na vifaa vyote vya kambi. "Hivyo ni vya kundi," alisema, naye Wiebke akamsaidia kubeba hema kubwa mpaka garini kwa sababu peke yake haliinuki.

Mwezi wa nne akaja Gesa. Huyu Gesa alikuwa rafiki yake tangu shule ya msingi. Mumewe, Ralf, jitu kubwa lenye ndevu, ambaye kila mtu humwita Dubu, alikuwa katika wale vijana sita wa gari la kwanza. Gesa alileta keki. Wiebke alipoiona ile keki alijua kuna msiba.

"Shoga yangu, usinichukie," Gesa alisema.

"Sema."

"Kiangazi hiki... tumezungumza. Mkiwa pale wote watatu itakuwa vigumu kwa kila mtu. Henning tayari ana vifaa. Na unamjua, ndiye anayechangamsha watu."

"Kwa hiyo mimi nisije."

"Sijasema usije. Uwanja ni mkubwa. Nasema kambini."

"Nani atawaendesha?"

Gesa alitazama keki. "Tutapeana zamu."

"Mtapeana zamu," Wiebke alirudia. "Miaka yote hii neno hilo halikuwemo kinywani mwenu. Leo limetoka wapi?"

"Wiebke, usiwe hivyo."

"Kula keki yako, Gesa. Usiondoke na njaa."

Nilidhani atauza tiketi zake. Badala yake aliomba likizo yake yote kwa mkupuo, akanunua hema la mtu mmoja, dogo kama kibanda cha mbwa, na vizibo vizuri vya masikio vya kupunguza kelele. Nikamwuliza anakwenda kutafuta nini. Akasema, "Kusikiliza. Sijawahi kusikiliza."

Tamasha la kwanza lilikuwa kusini, ndani ya machimbo ya mawe yaliyoachwa, ambako sauti ikigonga kuta inakurudia kifuani. Kambi haikwenda huko mwaka huo. Wiebke alipiga hema lake pembeni, akafungua kopo la samaki, akala na mkate, akaosha kijiko kimoja. Kazi ikaisha. Alikaa akaitazama ile mikono yake haina la kufanya. Jioni, jua lingali juu, alishuka mpaka mbele kabisa, kwenye uzio, akaushika kwa mikono miwili. Bendi iliyopanda ilikuwa ile aliyoipenda kuliko zote, wazee wanne wenye matumbo, aliyoisikia mara tano kutoka nyuma. Mara ya kwanza katika maisha yake akawaona nyuso. Aliona mpiga ngoma anavyotafuna ulimi. Alilia, akaimba, jirani asiyemjua akamwekea mkono begani, hawakuulizana majina.

Picha aliyonitumia siku hiyo ninayo. Uso umeungua na jua, meno yote nje. Kazini tulipitishana simu, kila mtu akasema, kumbe Wiebke ana meno.

Tamasha la pili lilikuwa kwa Wacheki, kwenye uwanda ulio chini ya ngome, na huko aliwakuta. Hakuwatafuta. Alikuwa anarudi kutoka bafuni, taulo shingoni, akaliona shuka la nguruwe juu ya mahema. Angeweza kupita njia nyingine. Miguu ikampeleka.

Walikuwa wamekaa duara. Mareike alikuwa anapakua mchuzi wa nyama kutoka kwenye sufuria kubwa ya Wiebke, ambayo mpini wake mmoja ulifungwa waya, na waya huo aliufunga Wiebke mwenyewe. Mchuzi ulikuwa umeungua. Harufu yake ilifika mbali.

"Ehee, tazameni nani huyu," Henning alisema. "Karibu, karibu. Tuna nafasi ya dereva."

Baadhi walicheka. Dubu hakucheka, alitazama viatu vyake.

"Nimepita tu," Wiebke alisema.

"Umepita tu na taulo. Nimeambiwa una kibanda cha mbwa huko chini. Unabweka vizuri?"

"Henning, acha," Mareike alisema, lakini alikuwa anatabasamu, na kijiko cha mchuzi mkononi.

"Namtania mke wangu, kosa? Bado ni mke wangu mpaka mwakani, sheria ndivyo inavyosema." Akainua kopo la bia. "Wiebke, kweli lakini. Jumapili tunarudi, na hapa hakuna atakayekuwa hajalewa. Ungetufaa."

Wiebke alisubiri mtu mmoja aseme neno. Gesa alikuwa pale. Dubu alikuwa pale, ambaye Wiebke aliwahi kumshikia ndoo ya kutapikia siku mbili mfululizo alipokula uyoga mbaya. Ndipo Wiebke akamwambia Mareike, "Moto wa jiko hilo ukiwa mkubwa unaunguza chini. Punguza hadi nusu." Akaondoka. Aliniambia kwamba katika yote ya mwaka ule, sentensi hiyo ndiyo aliyoijutia, kwamba hata pale aliwahudumia.

Jumapili waliendesha wenyewe, wamelewa, wakafika salama.

Kisha likaja lile la kaskazini, mwanzo wa Agosti, kwenye mashamba ya malisho karibu na bahari. Mvua ilinyesha siku mbili mpaka ardhi ikawa uji. Watu walitembea na mabuti ya mpira, tope likiwanyonya miguu, na matrekta ya wakulima yalivuta magari kama ng'ombe waliokwama. Wiebke alijua Kambi iko upande wa pili wa uwanja, karibu na mtaro, akakaa mbali.

Jirani zake walikuwa ndugu wawili wa Kideni, wajenzi wa mabanda ya nguruwe, watu wa mzaha. Jumamosi mchana mvua ilikatika, jua likatoka, mvuke ukapanda kutoka kwenye mahema. Mdeni mkubwa akamnyooshea chupa.

"Sinywi. Naendesha," Wiebke alisema, kwa mazoea.

"Unamwendesha nani?"

Wiebke akatazama kulia, akatazama kushoto. Akaichukua chupa.

Alikunywa tatu, polepole, mchana wote. Alisema bado ni chungu, lakini siku hiyo uchungu ule ulimfaa. Walicheza karata juu ya kreti, akawala wale Wadeni mchezo baada ya mchezo. Saa kumi na mbili za jioni, jua bado kali machoni kama ilivyo huku mwezi huo, bendi ya Wafini aliyoingojea mwaka mzima ilikuwa karibu kupanda. Alikuwa anafunga mabuti Dubu alipotokea, tope mpaka magotini, anahema.

"Wiebke. Afadhali nimekupata. Henning kazidiwa."

"Kazidiwa na nini?"

"Na pombe, na nini tena. Tangu mchana anaongea kama ana viazi mdomoni. Hawezi kufunga hata zipu ya jaketi. Anang'ang'ania nyumbani, nyumbani. Njoo umpeleke akalale kitandani kwake, ni mwendo wa saa moja tu."

"Nimekunywa, Dubu."

Dubu alicheka. "Wewe?"

"Mimi. Tatu. Waulize hawa."

Wadeni wakainua chupa zao kuthibitisha. Dubu alizitazama zile chupa tupu kwenye tope kama mtu anayetazama mlango wa nyumba yake ukiwa na kitasa kipya.

"Leo ndiyo umeona ya kunywa," alisema.

"Ndiyo. Leo."

"Basi njoo umtazame tu. Wewe unamjua akilewa anakuwaje."

"Ana mwanamke wake. Amtazame yeye."

"Mareike mwenyewe hajiwezi."

"Kuna hema la huduma ya kwanza pale getini. Mpelekeni huko."

"Kwa ulevi? Watatucheka." Dubu alipangusa ndevu. "Zamani hukuwa hivi."

"Zamani nilikuwa kambini."

Aliondoka. Wiebke alisimama mpaka mgongo wake mpana ukapotea kati ya mahema. Hakutukana, hakufurahi. Aliniambia kwamba alimwona Henning vizuri kabisa akilini, amekaa chini, kichwa kimeanguka kifuani, kama alivyomwona mara mia, na mwili wake wote ukataka kwenda kumwinua. Akauzuia. Akashuka kwenye jukwaa, akawaona Wafini mwanzo hadi mwisho, akashika uzio. Walipiga vizuri, alisema. Hilo hakulificha.

Asubuhi helikopta ilitua nyuma ya maegesho.

Ilikuwa kiharusi. Kilikuwa kimeanza Jumamosi mchana, daktari alisema, na usiku kucha kikafanya kazi yake huku mtu amelazwa kwenye godoro la hewa, amefunikwa vizuri, na wenzake wanamcheka kwa jinsi anavyokoroma. Kulipokucha mkono wa kulia ulikuwa mzigo, mdomo umeshuka, na maneno yamekwisha. Henning aliyekuwa na sauti ya tarumbeta.

Gesa alikuja hemani kwa Wiebke, macho mekundu, mabuti mguu huu si jozi na ule.

"Ungemjua," alisema. "Wewe peke yako ungemtazama mara moja ukajua kwamba ule si ulevi."

Wiebke alikuwa anakunja hema. Aliendelea kukunja.

"Dubu alikuja akakuomba. Alikuomba, Wiebke."

"Mlikuwa saba."

"Sisi tulikuwa tumelewa."

"Na mimi pia."

"Wewe hulewi," Gesa alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa. "Wewe kamwe hulewi. Ila jana tu."

Hayo ndiyo maneno yaliyosambaa. Kabla Wiebke hajafika nyumbani yalikuwa yamekwisha kumtangulia, simu kwa simu, kambi kwa kambi, maana watu wa matamasha wanajuana, na husema wao ni familia moja. Mke aliyeachwa alimwacha mumewe afe kwenye tope. Kwamba mtu hakufa, hilo halikuwa na uzito. Kwamba hema la huduma ya kwanza lilikuwa wazi siku nzima, na hata mtoto angelifika, hilo halikusemwa.

Hospitali ikampigia yeye. Katika pochi ya Henning kadi ya dharura ilikuwa bado na jina lake. Alikwenda. Mareike alikuwa kwenye korido, jaketi lina tope kavu la siku tatu, amezuiwa mlangoni kwa sababu kwa karatasi yeye si mtu wake.

"Sikujua," Mareike alisema. "Miaka yote akinywa wewe ulikuwepo. Sijawahi kumwona mwisho wake. Sikujua anatakiwa aweje."

Wiebke aliniambia hilo ndilo neno pekee la kweli aliloambiwa mwaka ule. Akamwambia muuguzi amruhusu mwanamke yule aingie. Yeye akabaki nje.

Tamasha la mwisho la Agosti alikuwa na tiketi yake. Nilimsihi asiende. Alikwenda. Akiwa kwenye foleni ya viazi vya kukaanga alimsikia msichana nyuma yake, ambaye hamjui, akimnong'oneza mwenziwe, "Ndiye huyo. Wa Nguruwe Mwitu." Alichukua viazi vyake, akala amesimama, vyote. Halafu akang'oa hema akarudi. Alikuwa amekaa huko siku moja.

Mareike aliondoka mwezi wa kumi. Simlaumu sana, alikuwa na mwaka mmoja wa mapenzi, na mapenzi ya mwaka mmoja hayawezi kumbeba mtu mzima chooni. Ndipo mama yake Henning, bibi wa miaka themanini na nne anayeishi peke yake kijijini, akapiga simu. Wiebke alikuwa kwangu siku hiyo, akaiweka simu kwenye spika kwa sababu mikono yake ilikuwa na unga.

"Mwanangu, nani atamwogesha?"

"Kuna watu wa kazi hiyo, mama. Nitakusaidia kuwapata."

"Watu baki."

"Ndiyo, watu baki."

"Mlikula chumvi pamoja miaka ishirini na ngapi. Mimi siwezi kumwinua, unajua siwezi."

"Najua, mama."

"Wanasema ungemwokoa."

Wiebke alitazama unga mikononi. "Huenda," alisema.

"Basi si una deni?"

"Hapana, mama. Sina."

Bibi akakata simu. Wiebke aliendelea kukanda ule unga mpaka ukawa mgumu, haufai tena, tukautupa. Hata hivyo alifanya aliyoyaahidi: alitafuta makao ya wagonjwa yaliyo karibu na yule bibi, akajaza makaratasi, akapanda basi mara mbili kwenda kugombana na watu wa bima. Alikwenda kumwona Henning mara moja tu. Alimkuta kwenye kiti kando ya dirisha, amenyolewa na mtu asiyejua uso wake, sharubu zimeondoka. Henning alimtambua. Alimtazama muda mrefu, jicho moja likilengalenga machozi, halafu akageuza uso ukutani. Wiebke alikaa mpaka chai ilipoletwa, akaona jinsi anavyonyweshwa kwa kikombe chenye mdomo, akaaga. Mpaka leo hajui kama ule uso uligeuzwa kwa hasira au kwa aibu. Aliniuliza mimi ninaonaje. Nikasema aibu. Akasema, "Unasema hivyo kwa sababu wewe ni rafiki yangu."

Nyumba iliuzwa. Akapanga vyumba viwili mjini, juu ya duka la vitambaa, na talaka ikapita wakati wa masika bila mtu kupandisha sauti, kwa kuwa mmoja wao hakuwa nayo.

Kiangazi kilichofuata Kambi ilitoka tena. Dereva walimpata, mpwa wake Gesa, binti wa miaka kumi na tisa ambaye hanywi. Na lile tamasha la kaskazini walimchukua Henning kwa siku moja, wakamkalisha kwenye kiti cha magurudumu juu ya jukwaa la walemavu, kizibao chake cha jinzi chenye viraka vya bendi kimevalishwa juu ya sweta, shuka la nguruwe limetandazwa magotini. Wakapiga picha, wamemzunguka wote, vidole juu, na kuiweka mtandaoni. Chini yake Dubu aliandika kwamba familia haimwachi mtu. Watu zaidi ya elfu waliipenda.

Mtu kazini aliifungua ile picha mbele ya Wiebke, sidhani kwa ubaya. Aliishika simu, akaitazama kwa makini kama anavyotazama kipande cha jibini chenye ufa.

"Wamemwachia jua usoni," alisema. "Hawezi kugeuza kichwa upande ule."

Akairudisha simu kwa mwenyewe. Kengele ikalia, tukasimama kwenye nafasi zetu, na mkanda ukaanza kusogea. Baadaye, kelele ilipopungua kidogo, nikamwuliza kama mwaka huu atakwenda popote.

"Wafini wanakuja mwezi wa kumi," alisema. "Ukumbini, mjini hapa. Nimeshakata tiketi."

"Moja?"

"Moja. Kuna viti." Alitoa kipande kibovu, akakitupa kwenye ndoo. "Mtu unakaa, unasikiliza, unapanda tramu unarudi."

Na kweli alikwenda, akakaa, akarudi. Kesho yake nilimwuliza ilikuwaje. Akasema sauti ilikuwa ndogo mno.